Jiko Lililopigwa Mnada

Nilijifunza kuchora ramani za nyumba kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nimekaa juu ya mifuko ya saruji katika duka la baba yangu pale Kimandolu, Arusha. Baba anauza vifaa vya ujenzi: misumari, bati, vitasa, rangi, nondo. Mteja akiingia alinikuta nimeinamia video ya kijana wa nchi ya mbali akieleza namna ya kuchora ngazi, na misumari yake nilimpimia huku jicho moja likiwa kwenye simu. Chuo sikwenda. Katika mtihani wa hesabu wa kidato cha nne nilichora grafu ya swali la kwanza, nikaona mstari umepinda kidogo, nikaufuta. Nikachora tena, nikafuta tena. Msimamizi alipotangaza kwamba muda umekwisha, grafu yangu ilikuwa nzuri mno, na kurasa zilizofuata zilikuwa nyeupe kabisa.

Nasema haya mapema ili ujue unashughulika na mtu wa aina gani. Mimi ni mtu wa kufuta. Nguo nikiikunja, naikunjua niikunje upya. Nikimtumia mtu ujumbe wa "sawa", nausoma tena na tena nikijiuliza kama hauna dharau. Tumbo langu huanza kuuma kabla ya shughuli yoyote yenye watu wengi kuliko wanaoenea kwenye kochi moja.

Baba hakuupenda uchoraji wangu. "Kuchora nyumba usiyoijenga," aliniambia, "ni kama kupiga picha ya ugali. Utashiba lini?"

Siku moja Mwingereza mmoja mzee aliingia dukani kutafuta bawaba. Neno hilo hakulijua, kwa hiyo akachomoa penseli mfukoni, akachora bawaba kwenye boksi la misumari. Niliutazama mchoro wake. Matundu ya skrubu hayakuwa sawa. Sijui nini kilinipata, kwa sababu kwa kawaida mimi hata kumwambia mtu kwamba kiatu chake kimefunguka huniwia vigumu: nilimchukulia penseli mkononi, nikauchora upya pembeni, matundu yakiwa sawasawa. Baba alifumba macho kama mtu anayeona sahani inaanguka.

Mzee aliutazama mchoro kwa muda. "Nani kakufundisha?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Simu," nilijibu.

Alicheka hadi akashika kaunta. Akanunua bawaba, akanunua na boksi lenye mchoro, akaniambia nifike kwake Akheri, kijiji cha chini ya mlima, Jumatatu, na simu nije nayo.

Ndivyo nilivyoanza kazi kwa msanifu majengo. Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba aliyopanga katikati ya migomba na kahawa, chumba ambacho mwenye nyumba alikuwa akifugia ndama, na siku za joto ndama yule tulikuwa bado tunamsikia puani. Majirani walimwita Babu. Mimi nilimwita Mzee. Yeye aliniita kwa neno la Kiingereza ambalo kwetu lingekuwa "mwenzangu", na kila aliponiita hivyo nilitazama nyuma kuona nani kaingia.

Maisha yake niliyajua kwa vipande, wakati wa chai. Alizaliwa kaskazini mwa Uingereza, katika mji wa viwanda vilivyokuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, mvua ikinyesha muda wote. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba mapaa. Mama yake alipakua chakula katika shule ya msingi. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu, na mama yake aliwatangazia majirani kwamba mwanawe anasomea udaktari, kwa sababu usanifu wa majengo ulikuwa mgumu kuueleza.

Alipoajiriwa London aliingia ofisi kubwa ambamo kila mtu alikuwa na sehemu yake ya jengo. Mmoja alichora milango, mwingine madirisha. Kulikuwa na bwana mmoja aliyestaafu akiwa hajawahi kuchora kitu chochote zaidi ya vyoo, na siku ya kumuaga walimpa saa. Mzee alipewa ngazi. Alichora ngazi mpaka akaanza kuziota. Baadaye akajitoa na wenzake, wakafungua ofisi yao, wakajenga nyumba za kupangisha, ukumbi wa michezo ya kuigiza, na maktaba moja ya zege tupu ambayo ilipata tuzo na kutoka kwenye magazeti. Nimeziona picha zake. Mimi, ninayekosoa hata kitako cha kikombe, niliitazama ile maktaba nikakosa cha kufuta.

Alipostaafu, rafiki yake alimwomba aje kuchora bweni la shule moja upande wa Kisongo. Alikuja na begi dogo. Bweni likaisha, na yeye akabaki.

Tatizo ni kwamba Arusha haikuwa na haja naye. Wateja walikuja, ndiyo. Wengine walitaka nyumba ya kontemporari yenye paa lililofichwa, wengine walitaka bati la msauzi lenye vilele vingi kama trei la mayai. Mzee aliwachorea nyumba zenye baraza pana, kivuli, na madirisha yaliyotazama mlima. Wakatabasamu, wakasema asante sana Babu, wakaondoka na mchoro. Baadaye tukipita njiani tuliona nyumba yenye madirisha yetu, lakini imeota nguzo nene mbele na simba wawili wa saruji getini. Mzee alisimamisha gari akatazama. "Wale simba," alisema siku moja, "wana uso wa kuridhika. Mimi sijawahi kumridhisha mteja kiasi kile."

Halafu, asubuhi moja, akiwa anachonga penseli, aliniambia kwamba dada yake wa Uingereza amemwandalia chumba. Akipata jengo moja hapa, hata dogo, la kulijenga kama lilivyochorwa, atabaki. Asipopata, atafunga ofisi kabla ya mwaka kwisha. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa, kisha akaomba sukari.

Nilimpa sukari. Yeye akifunga, atakwenda kwa dada yake. Mimi nikifungiwa, nitarudi kwenye mifuko ya saruji, maana hakuna ofisi nyingine katika mkoa huu itakayompokea mtu aliyejibu swali moja la hesabu.

Jengo lilikuja kwa miguu. Mchungaji wa usharika wa Kilutheri wa pale jirani alipita kuomba ushauri. Nyuma ya kanisa akina mama walikuwa wakipikia chini ya turubai: harusi, misiba, kipaimara, vyote. Mvua ya kutoka mlimani inakuja kwa ubavu, haiji kwa juu, na loshoro la watu wote, yale makande ya maziwa, linaongezewa maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Kamati ya ujenzi ilikuwa na ramani yake tayari: chumba cha matofali, mlango, dirisha moja. Mchungaji aliona labda Babu ana wazo. Kama analo, alete Jumapili, ajieleze kwa washarika wamfahamu yeye ni nani, kisha kamati itaamua siku hiyo hiyo.

Mzee alichora jiko kabla mchungaji hajafika getini. Lilikuwa na kuta fupi, baraza pande tatu, na paa la vipande viwili, kimoja juu kidogo ya kingine, katikati pakiwa na mwanya ambao moshi unapita na mvua haipiti. Nilipewa kazi ya kutengeneza mfano wake kwa kadibodi.

Sitaeleza yote niliyoyafanya na ile kadibodi. Niseme tu kwamba niliharibu maboksi ya biskuti kuliko biskuti zilizowahi kuliwa katika nyumba ile. Sufuria zilikuwa vizibo vya soda. Nilitengeneza na akina mama wadogo wa karatasi, lakini mikono yao haikufika kwenye sufuria, nikawatupa, nikatengeneza wengine.

"Ni kadibodi," Mzee aliniambia. "Hawatapika humo."

"Mlango unabana," nilijibu, nikaung'oa.

Nilichoogopa zaidi ni kutafsiri. Nilimwomba Mzee aandike hotuba yake mapema niifanyie mazoezi. Alikataa, akasema atazungumza tu, kutoka moyoni. Basi nikajiwekea sheria: nitatafsiri kila neno. Sitaongeza wala kupunguza. Nilijiona mwadilifu sana.

Jumapili tulifika na mfano nimeupakata kama mtoto mchanga. Ndani ya kanisa hapakuwa na mahali pa kuuweka. Nje, karibu na mlango, kulikuwa na meza ndefu yenye kivuli, na juu yake mikungu ya ndizi, mayai, chupa za maziwa, mboga, na jogoo aliyefungwa miguu. Mimi ni mtoto wa Kilutheri. Nimekua nikiiona meza hiyo kila Jumapili. Najua kabisa kwamba asiye na fedha huleta alichonacho shambani, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada pale nje, watu wakicheka na kushindana. Najua. Lakini asubuhi ile kichwani mwangu mlikuwa na Kiingereza tu. Nikasogeza mayai kidogo, nikauweka mfano, nikahakikisha uko sambamba na ukingo wa meza, nikaingia ndani.

Baada ya matangazo, mchungaji akamwita Mzee mbele. Nikasimama pembeni yake.

"Bwana Yesu asifiwe," Mzee alisema kwa Kiswahili, na kanisa zima likaitika "Amina!" kwa furaha. Akaendelea kwa Kiingereza, nami nikatafsiri.

"Mimi ni msanifu majengo," nilisema, "ingawa wapo waliowahi kukaa ndani ya majengo yangu wanaobisha."

Mama mmoja wa safu ya mbele akasema, "Haa."

"Nilianza kwa kuchora ngazi. Kwa miaka mingi nilichora ngazi tu, kwa sababu hakuna aliyeniamini nichore chumba."

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwalimu mstaafu aliyekuwa akijipepea kwa ratiba ya ibada, akaacha kujipepea.

"Baadaye nilijenga maktaba. Ilipewa tuzo. Na ndoo."

"Ndoo za nini?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

Nikamgeukia Mzee, akanijibu, nikawageukia. "Za mvua. Zilikuwa ndani."

"Ndani?"

"Ndani. Katikati ya vitabu."

Mzee aliwaona watu wamekaa wima, wamemkazia macho, akapata nguvu. "Mwishowe waliibomoa," nilitafsiri. "Nilikwenda kutazama, nikiwa na chupa ya chai. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona watu wakilifurahia lile jengo."

Leo naelewa kilichokuwa kinatokea. Mzee alikuwa anajisifu. Watu wa kwao, wa umri wake, wakitaka kujisifu hutembea kinyumenyume: tuzo huifunika kwa ndoo, halafu husubiri wewe uifunue. Kwetu, mtu akisimama mbele ya madhabahu akasema ameharibu, ameharibu. Na washarika walijua la kufanya na mtu wa namna hiyo.

"Mungu ni mwema!" sauti ilisema.

"Kila wakati!" kanisa likajibu.

Bibi mmoja alifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mtu akaanzisha pambio la msamaha, kwaya ikalidaka. Mchungaji aliinuka, akaweka mkono begani mwa Mzee, akamwombea kwa muda mrefu, akiomba yaliyopita yabaki yamepita. Mzee aliinamisha kichwa.

"Imekwenda vizuri," aliniambia kwa kunong'ona. "Sijawahi kupokelewa hivi popote."

Tulipotoka nje, mwenyekiti alinivuta kando, chini ya mti wa msonobari.

"Binti."

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Huyu babu ni mtu mwema sana. Amekiri mwenyewe, hadharani, na wengi wetu hatuwezi. Lakini jiko hatumpi."

"Mwalimu, alikuwa anatania."

Alinitazama juu hadi chini. "Kanisani?"

"Kwao ndivyo wanavyojieleza."

"Maktaba ilibomolewa, haikubomolewa?"

"Ilibomolewa, lakini..."

"Iliingiza maji, haikuingiza?"

"Iliingiza, lakini ilikuwa na tuzo..."

"Mwanangu," alisema kwa upole, "sisi maji tunayo tayari. Tunatafuta jengo la kuyazuia."

Niliona mifuko ya saruji inanisogelea. Na ndipo nikasikia, nyuma ya mgongo wangu, sauti nene ya mzee wa kanisa anayeendesha mnada. Ni mtu mfupi ambaye siku za kazi hunadi ng'ombe, na hajawahi kuona tofauti.

"Ndizi zimekwenda! Jogoo amekwenda! Sasa tazameni hapa! Sadaka ya mgeni wetu! Nyumba! Mpya! Haijawahi kukaliwa!"

Niligeuka. Alikuwa ameunyanyua mfano wangu juu ya kichwa kwa mkono mmoja.

"Ni banda la kuku?" mtu aliuliza.

"Kuku gani? Hata kifaranga atainama!"

"La njiwa hilo."

"Njiwa mwenye sufuria? Tazameni, kuna na masufuria! Nani anaanza?"

"Hiyo siyo sadaka!" nilipiga kelele, na huo ulikuwa uzoefu mpya kwangu. Watu wote wakageuka. Uso ukaniwaka moto. "Naomba... samahani... niliweka tu."

"Uliweka mezani?" mnadi aliuliza.

"Ndiyo, lakini..."

"Iliyowekwa mezani imeshatolewa. Kama unaipenda, nunua! Binti anaanza!" Akanitajia bei ya trei la mayai, nami nikajikuta nimeitikia kwa kichwa.

Mzee alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa na kikombe cha chai. Aliuona mfano wake umenyanyuliwa, akaona watu wanauelekezea vidole, akaona kichwa changu kinaitika. Baadaye aliniambia alifikiri wanapiga kura. Akanyanyua mkono.

"Babu naye anataka! Bei ya jogoo!"

"Hapana Mzee, shusha!" nilimwambia kwa Kiingereza, nikimpungia mkono ashushe wa kwake.

"Binti kapandisha!"

Mzee aliona napunga mkono, akadhani namhimiza. Akanyanyua mkono wa pili.

"Mtu na bosi wake!" mnadi alilia kwa raha. "Patamu hapa! Nani anawatenganisha?"

Watu walikuwa wanacheka hadi wanashikana mabega. Mimi nilikuwa natafuta shimo. Kisha kundi likapasuka katikati, akaja mama mmoja mpana, kitenge kimefungwa juu ya gauni la Jumapili, macho mekundu kama ya mtu aliyelia usiku kucha, ingawa hakuwa amelia. Nilimfahamu kwa sura. Ndiye mkuu wa wapishi wa usharika, na macho yale ni ya moshi.

"Shusha hapa nione," alimwambia mnadi, naye akashusha mara moja. "Hiki ni nini?"

Hapakuwa na mtu wa kutafsiri. Ilibidi niseme mwenyewe.

"Shikamoo mama. Ni jiko. Ndilo lile jiko ambalo Mzee amewachorea."

"Letu?"

"Ndiyo mama."

Aliinama akachungulia. "Na hawa?"

"Ni ninyi. Mnapika."

"Mbona mmetukondesha hivi?"

Watu wakacheka tena. "Nitawarekebisha," nilisema, na nilimaanisha.

"Moshi unatokea wapi?"

Nikamwonyesha mwanya. Nikamweleza kwamba moshi ukiwa na joto unapanda, paa la chini linausukuma, la juu linaukinga na mvua, nao unatoka kwa pembeni. Nilieleza bila kutetemeka, nahisi kwa sababu alikuwa anatazama jiko, hanitazami mimi.

"Hayo ni maneno," mama alisema. Akageukia wenzake waliokuwa kwenye moto wa chai. "Nileteeni gunzi."

Wakamletea gunzi la mahindi linalofuka. Kabla sijafungua mdomo, aliliingiza ndani ya mfano wangu, kati ya vizibo vya soda na akina mama wembamba, akakaa kusubiri. Watu wakasogea. Moshi ulijaa ndani, ukatafuta njia, kisha ukaanza kutoka juu, kwa pembeni, utepe mwembamba kabisa, kama ulivyochorwa.

"Eeeeh!" kundi zima lilisema.

"Umepita!"

"Na huku mbele hakuna!"

Mama aliweka uso wake pale ambapo mpishi angesimama. Akapepesa macho. Akavuta pumzi. "Hakuna," alisema, kwa sauti ndogo kuliko ya mwanzo.

"Mama, inaungua!" mtu alisema.

Kona ya baraza ilikuwa imeshika moto. Mama aliizima kwa kidole gumba bila kuangalia, kama mtu anayezima sigara ya mwingine. Niliona kona yangu imekuwa nyeusi na imejikunja. Kwa kawaida ningehitaji kulala chini.

"Napandisha," mama alimwambia mnadi. "Bei ya mbuzi."

Mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye suti, alifungua mdomo kwa utani. Mama akamtazama. Akaufunga.

"Imekwenda!" mnadi alilia. "Bwana asifiwe! Leo kadibodi imekuwa na pembe!"

Mama alilipa, akajitwika mfano kichwani, na kwa mwendo ule ule akaenda mpaka kwenye kivuli cha ukuta ambapo kamati ilikuwa imeanza kikao na mchungaji. Nikamfuata, Mzee akanifuata mimi, kikombe bado mkononi.

Mwenyekiti alikuwa anasema, "Kwa hiyo tunaendelea na ramani ya kawaida, chumba na dirisha..."

"Shikamoo mwenyekiti," mama alisema.

"Marahaba."

"Mimi nimenunua nini pale?"

"Umenunua... hicho. Kadibodi."

"Nimenunua jiko. Nimelinunua mezani, mchungaji akiwepo, na sadaka imeshaingia kwenye kapu. Nauliza tu, mtaanza kulijenga lini?"

"Mama, mnada ule ni wa vitu, siyo wa..."

"Kama hamlijengi, basi nirudishieni sadaka. Mimi sina neno. Mwinjilisti wetu aandike kwenye matangazo kwamba kamati imerudisha sadaka ya mpishi, tutangaziwe Jumapili ijayo."

Mchungaji aligeuka akaangalia mlima. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Wazee wawili wa kamati waliinamisha vichwa kama watu wanaotafuta kitu kilichodondoka.

"Lakini paa, mama!" mwenyekiti alisema, na sasa sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. "Umesikia mwenyewe. Alisema kwa kinywa chake. Ndoo! Katikati ya vitabu!"

"Nimesikia. Lakini nimekaa kwenye moshi miaka yote hii, na chumba chenu cha dirisha moja ni moshi ule ule, ila umewekewa ukuta. Afadhali ndoo. Ndoo ninazo."

Walinong'ona. Walinong'ona kwa muda mrefu. Mzee aliniuliza wanasema nini, nikamwambia bado. Mwishowe mwenyekiti alinyoosha koti lake.

"Sawa. Lijengwe kama alivyolichora. Lakini kwa sharti. Huyu babu asiondoke. Tumesikia ana dada Uingereza. Asiende kwa dada. Akae hapa hapa Akheri mpaka masika ianze, na mpaka iishe, na kama jiko ni bovu tumpate. Hatutaki kubaki tunatafuta mtu kwenye ndege." Akanigeukia. "Na wewe uliyetengeneza kadibodi uwepo. Mtasimama humo ndani wote wawili, mvua ikinyesha. Mwambie."

Nikamwambia. Neno kwa neno, pamoja na kumpata, pamoja na ndege.

Kikombe cha Mzee kilikuwa kimeinama na chai inamwagikia kiatu. "Katika maisha yangu yote ya kazi," alisema polepole, "hakuna mteja aliyewahi kuniambia nibaki." Kisha akajikohoza, akarudi kuwa Mwingereza. "Waambie nakubali. Na waambie nitakuja na mwavuli."

Nilifungua mdomo nianze kutafsiri. Nikawaona wanavyosubiri: mwenyekiti na koti lake, mchungaji, mama na jiko kichwani, kona yake imeungua. Nikaufunga.

"Mzee," nilimuuliza kwa Kiingereza, "hilo la mwavuli ni utani?"

Akafikiri. "Nusu."

Nikawageukia. "Amekubali," nilisema. "Amesema atabaki, na anashukuru sana."

Hivyo niliwatafsiria nusu ile nyingine, isiyokuwa utani.